Mnene na Mwembamba

Mume akikaa mbali na nyumbani hujifunza ujanja mmoja mapema sana: kutoamua mambo ya wanawake wawili. Simu ya vibonyezo ya familia ilipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia na kuzimika moja kwa moja, yule mchomeleaji, aliyekuwa mji wa mbali akiunga vyuma vya daraja, alituma fedha za simu mbili za kugusa, za bei ya chini kabisa. Agizo lake alilipitisha kwa jirani. "Moja ya mama, moja ya mke wangu. Watagawana wenyewe." Kisha akakata. Watagawana wenyewe! Mtu aliyezaliwa na mama yule, akalelewa na mama yule, na bado akasema hivyo bila kutetemeka.

Mkewe alikuwa mdarizi wa mashuka na foronya. Akafunga mlango wa chumba chake cha kazi, akatia foronya moja ya maua mekundu kwenye mkoba, akaenda dukani kwa Garantii. Jina hilo mtaa ulimpa muuza simu huyo kwa sababu alikuwa mwepesi wa kutoa garantii ya mdomo, hata kwa betri za saa zilizokwisha muda.

"Za bei hiyo zimebaki mbili, dada, na hazifanani," Garantii alisema, akiziweka mezani. Moja ilikuwa nyeusi na nene, ukiishika unajua umeshika kitu. Nyingine ya bluu, nyembamba, inayoteleza. "Huyu mnene, chaji inakaa hata siku tatu. Sauti yake ukiiacha jikoni, wanaisikia barabarani. Kamera ipo."

"Ipo vipi?"

"Ipo, dada. Sijasema nzuri, nimesema ipo. Huyu mwembamba ndiye mwenye kamera safi, mbele na nyuma. Ila sauti yake ya kunong'ona, na chaji inakwisha ukimtazama tu. Na wote wawili wazito kuamka. Ukibonyeza, vuta subira."

Mdarizi akaitandaza foronya mezani, akaipiga picha kwa Mnene. Maua yakatoka kama mtu amemwaga mchuzi. Akapiga kwa Mwembamba, na pale akaona kila uzi, kila kifundo, hata jani alilolirudia mara mbili kwa sababu lilimkataa. Akajua hapo hapo ipi ni yake.

Hakuwa na tamaa ya bure. Mwenye nyumba ya wageni ya barabara kuu alikuwa amemwambia amtumie picha za kazi zake kabla ya wiki kwisha. Zikimpendeza, atampa mashuka ya vyumba vyote. Vyumba vyote! Oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata ilikuwa ya kitanda kimoja cha bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe alilalamika. Bila picha nzuri hakuna oda, na bila Mwembamba hakuna picha nzuri.

Utauliza, si angeazima tu? Wewe humjui mama mkwe. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mama wa mikono minene na sauti ya kuita chakula uwanja mzima, na vitu vyake vilikuwa vyake. Kiti chake hakikaliwi, birika lake haliguswi. Ukimwomba kitu hukujibu, "Nguo ya kuazima haisitiri matako," na mazungumzo yameishia hapo. Tena yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo yeye ndiye wa kuchagua kwanza. Hilo halikuwa na mjadala.

Njia nzima mdarizi alipiga hesabu za kichwani. Akimsifu Mnene, mama mkwe atasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na atamkataa. Akimsifu Mwembamba, atapokonywa. Akinyamaza, itaonekana ana jambo. Alipofika mlangoni alikuwa ameshautunga uongo wake, na akauona mzuri.

"Mama," alisema, akiziweka zote mbili kwenye mkeka, "huyu mwembamba ni mgonjwa. Muuzaji mwenyewe amekiri. Wewe chukua mzima. Mimi bado kijana, nitahangaika na huyu mbovu."

Mama mkwe alimtazama, akaitazama simu ya bluu, akamtazama tena.

"Mh," alisema. "Tuzijaribu kwanza. Mimi sichagui mbuzi kwenye gunia."

Basi zikajaribiwa. Mama mkwe alizikagua kama alivyokuwa akikagua maharage ya shule, akizipima kwa kiganja, akizigonga kwa kucha, na nusura azinuse. Tochi ya Mnene ilimulika hadi chini ya kabati, ikafichua kijiko kilichopotea tangu zamani. Tochi ya Mwembamba ilimulika vidole vya aliyeishika. Redio ya Mnene iliwaamsha kuku wa jirani. Mwembamba alibonyezwa asubuhi, mama mkwe akaenda kuosha vyombo, akarudi, ndipo ukurasa ukafunguka, na kabla hajasoma chochote ukatokea ujumbe kwamba nafasi imejaa. "Imejaa nini?" akauliza. "Hata sijaweka kitu!"

Kisha akampigia dada yake kwa Mnene, na dada yake, asiyejua yanayoendelea, akaeleza kwa urefu habari za jipu lililomwota mahali pasipotajwa. Mtaa ulinyamaza ukasikiliza. Jirani akasema pole kutoka upande wa pili wa ua.

Siku ya pili jioni mama mkwe akatangaza uamuzi. "Nachukua Mnene. Masikio yangu si ya jana."

Masikio yake yalikuwa mazima kabisa, kila mtu aliyewahi kumsengenya alijua hivyo, lakini mdarizi hakubisha. Alishukuru kwa adabu, akaingia chumbani na Mwembamba kifuani, akacheza peke yake kidogo bila muziki. Akawasha pasi, akaanza kunyoosha mashuka ya kupigia picha.

Alikuwa kwenye shuka la pili Mnene alipolia uani. Mama mkwe akapokea. Na kwa kuwa Garantii safari hii hakuwa amedanganya, maneno ya pande zote mbili yalipita dirishani yakaingia chumbani yakiwa mazima.

"Mama, simu umeipenda?" Alikuwa mwanawe, mchomeleaji.

"Sana. Nakusikia utadhani umekaa mgongoni kwangu."

"Basi washa kamera tuonane."

"Huyu haoni, baba. Jana nimejaribu kujiangalia, nikaona ukungu umevaa kilemba."

"Si mbadilishane na mke wangu? Jirani anasema yake inaona."

"Nyamaza wewe!" mama mkwe akasema, akishusha sauti, ambayo hata ikishushwa hubaki juu. "Anaitaka kwa mashuka yake. Amenitungia hadithi, eti mgonjwa, eti yeye ndiye atahangaika. Nimecheka moyoni mpaka mbavu zikaniuma. Mwache. Tangu uondoke mtoto wa watu macho yanamwishia kwenye sindano. Apate hiyo oda ya nyumba ya wageni, apumue."

"Lakini mama, wewe ndiye uliyesema unataka kuniona."

Kiti kikalia uani.

"Watu wanasema umefuga ndevu," mama mkwe akasema.

"Kidogo."

"Nielezee basi. Zimefika wapi?"

Na mwanamume mzima, huko alikokuwa juu ya vyuma vyake, akaanza kumweleza mama yake ndevu zake. Zimeshuka chini ya kidevu. Upande wa kushoto zimejikunja. Kuna mvi moja.

"Mvi? Mwanangu? Upande gani?"

Mdarizi aliitoa pasi kwenye shuka, akaisimamisha. Aliona aibu, aibu ya kuwasha masikio. Lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi. Habari za ndevu hizo na yeye alikuwa amezisikia, na hakuwahi kuuliza. Alikuwa amemkasirikia mume wake kwa kukaa mbali muda wote huo, akaona kumuuliza ni kumbembeleza. Simu hizi alizilinganisha kwa chaji, kwa tochi, kwa redio, kwa maua. Kwamba kamera ile ingeweza kumwonyesha uso wa mume wake, hilo halikumpitia kichwani hata mara moja.

Alisubiri mazungumzo yaishe, akatoka na Mwembamba mkononi.

"Mama, nimekudanganya. Huyu si mgonjwa."

"Najua."

"Chukua huyu. Nipe Mnene."

Alitarajia kukataliwa angalau mara moja, kwa ustaarabu tu, ndipo asisitize, ndipo wafike mahali. Hakukataliwa. Mnene alikuwa ameshatua mkononi mwake kabla hajafunga mdomo, na Mwembamba ameshahamia kiganja cha mama mkwe.

"Njia ya mwongo ni fupi," mama mkwe akasema, akifuta kioo kwa pindo la kanga, "ila yako, mwanangu, ilikuwa hatua moja tu. Siku nyingine ukitaka kunidanganya, usianze na kujitolea. Wewe hujitolei." Akamwona mdarizi anavyoinama. "Haya, inua uso. Leta mashuka yako."

"Ya nini, mama?"

"Ya kupigia picha. Simu ni yangu, lakini utaazima. Na usiniulize mara ya pili, nitabadilisha mawazo."

Mdarizi hakuuliza. Wakayatundika kwenye kamba, jua likiwa bado lipo, mama mkwe akishika ncha za mashuka na kukemea upepo. Picha zikaenda kwa mwenye nyumba ya wageni, polepole, moja moja, na zilipokwisha kwenda chaji ilikuwa imebaki kijistari chembamba chekundu.

"Mpigie sasa," mama mkwe akasema. "Ya kuonana."

"Chaji, mama. Tuiweke kwanza kwenye umeme."

"Nimeshasubiri vya kutosha. Piga."

Kioo kikazungukazunguka, kikakwama, kikafunguka. Akatokea mchomeleaji na kofia yake ngumu kichwani, na ndevu. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshaandaa maneno ya kumkaripia kuanzia kofia hadi viatu, aliyasahau. Aliisogeza simu karibu na macho, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Umekonda," akasema mwishowe.

"Sijakonda, mama, ni ndevu."

"Geuka kushoto nione hiyo mvi."

Akageuka. Mama akaiona. Akaitazama mpaka akatosheka, au mpaka akaamua kutosheka, kwa sababu ile alama nyekundu ilikuwa imeanza kupepesa. Ndipo yule mama asiyeazimisha hata kijiko akampa mdarizi simu.

"Imebaki kidogo," alisema. "Mimi nimemwona. Malizia wewe."

"Mama, si yako hii, endelea tu..."

"Shika!" Akainuka, akaingia ndani bila kugeuka.

Mdarizi akashika. Mume wake alikuwa pale, mdogo, mwenye vumbi, akimtazama. Mdarizi alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka tangu mume aondoke, mengine makali, ameyapanga vizuri kabisa kwa siku kama hii. Alitafuta la kuanzia, akakuta hasira yenyewe haipo tena mahali alipoiacha. Mume naye akatabasamu ndani ya ndevu hizo. Mdarizi akacheka, machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa, na kioo kikazima.

"Amesemaje?" mama mkwe akauliza kutoka ndani.

"Hajasema kitu, mama. Alikuwa ananitazama tu."

Ndani zikasikika droo zikifunguliwa moja baada ya nyingine, mama mkwe mwenyewe akitafuta chaja.