Nakuja Mara Moja

Hakuna neno lililonizeesha kama "nakuja". Mtu anachukua taulo, anakupa mgongo, anakwenda zake, na huku anakwambia anakuja! Anakuja wapi, na ndiyo kwanza anaondoka? Wewe uliyebaki unalinda viatu vyake.

Jumapili ile viatu vilijaa mkekani kama tumefungua duka. Tulikuwa kwenye bustani ya manispaa, ile ya ufukweni, pale petu pa siku zote, konani, mkeka umegusa uzio wa nondo. Wifi yangu hupapenda kwa sababu pana kivuli. Mimi siku hiyo nilipapenda kwa sababu nyingine: ng'ambo ya nondo kuna kituo cha basi.

Basi la saa kumi ndilo lingemchukua Fundi. Huyu mama ndiye aliyenifundisha kukata nguo nikiwa msichana. Sasa amefungua duka la ushonaji mji mwingine, na ameniwekea cherehani na chumba cha kulala nyuma ya duka.

"Ila kiti hakikai wazi," aliniambia. "Jumapili nisipokuona kituoni, nampa mwingine. Na sikuulizi tena, maana nimekuuliza mpaka midomo imenikauka."

Nguo zangu zilikuwa ndani ya kikapu cha chakula, chini ya chupa ya chai, na mkasi nimeuviringisha kwenye kitambaa. Hakuna aliyegundua. Nani mwingine hubeba kikapu kile?

Na msije mkasema nilitaka kutoroka. Nilisema! Jana yake, tukiwa mezani, nilisema wazi: "Nimepata kazi. Kesho naondoka na Fundi."

Mdogo wangu, mwenye nyumba, akacheka mpaka akapaliwa. "Shangazi naye kwa vituko!"

"Uende utuache na nani?" wifi akasema. "Hebu nisogezee chumvi."

Nikamsogezea.

Shangazi! Mimi ni shangazi wa watoto wake. Yeye nilimbeba mgongoni mama alipotutoka, akiniita Dada, Dada, mpaka masikio yakachoka. Alipooa akanibembeleza: "Dada, kaa nasi kidogo. Mtoto akisimama dede, uende zako." Mtoto kasimama dede, kakimbia, sasa anaota ndevu. Wakafuata wengine, na kila mmoja akaja na "kidogo" yake. Siku hizi hata muuza barafu pale bustanini ananiita Shangazi.

Wala hawanitesi. Hapo ndipo waliponishika. Ningenyimwa chakula ningekuwa nimeondoka zamani. Napendwa, tena sana, kama mguu wa meza: hakuna anayeukumbuka mpaka utikisike.

Basi, nimekaa, jicho langu liko barabarani. Akaja kitindamimba wao, amelowa, mchanga mwili mzima. Akajilaza mapajani pangu bila kuomba, akalala fofofo. Mguu ukaanza kufa ganzi.

Mdogo wangu akaja kuchukua mpira.

"Keti kidogo unisikilize," nikamwambia. "Basi linafika sasa hivi."

"Nakuja, Shangazi. Nakuja mara moja." Huyo, kashaondoka.

Akaja wifi kutafuta kitana.

"Wifi, mchukue mtoto."

"We mwache alale, wifi yangu, ukimwamsha atatutoa roho. Nakuja."

Nilitaka kupiga yowe. Bembea zinalia kwichi kwichi, bahari iko pale nyuma ya ukuta wala sijaitia mguu, bustani nzima inacheka, na mimi nimefungwa na mtoto asiye na hata uzito wa debe la maji.

"Wewe!" Fundi huyo, amesimama ng'ambo ya nondo, begi begani. Hakusalimu. "Unakuja, huji?"

Nyuma yake basi lilikuwa linakata kona.

Nikamtazama mtoto. Alikuwa na mchanga kwenye kope. Nilijua akiamka akanitazama, nimekwisha. Nampenda, Mungu anajua, na ndiyo maana nikageuza uso.

Wifi alikuwa anarudi na barafu yake mkononi. Kabla hajafungua mdomo, nikanyanyuka na mguu wangu wa ganzi, nikamwekea mtoto kifuani. Nikabeba kikapu.

"Haya, wapi tena na kikapu?"

Wote wawili wananitazama sasa, wifi upande huu wa nondo, Fundi upande ule.

"Nakuja," nikasema.

"Usikawie basi," wifi akajibu, akaketi, akalamba barafu. Ng'ambo, Fundi akageuka kumsihi kondakta asubiri. Neno moja, kila mtu akachukua lake.

Geti liko mbali, njia inazunguka. Sikuzunguka. Nikakata katikati, nikayakanyaga majani yote ambayo ubao unakataza, mlinzi akanipigia filimbi, nikachechemea hivyo hivyo mpaka nje.

Nimeshaweka mguu kwenye ngazi ya basi nikasikia:

"Dada!"

Mdogo wangu. Mkono mmoja ameshika nondo, mwingine amekumbatia mpira, anahema. Dada! Tangu mtoto wa kwanza azaliwe sijalisikia jina hilo mdomoni mwake. Angeniita hivyo jana mezani, wallahi, ningezitoa nguo kikapuni nikakaa mpaka nife.

"Dada, mtoto ameamka anakulilia! Unakwenda wapi?"

Machozi yalinitoka, sifichi. Fundi alinishika kiwiko, kondakta akagonga bati. Nikageuka pale mlangoni.

"Nakuja, mdogo wangu," nikamwambia. "Nakuja mara moja."

Yeye ndiye bingwa wa neno hilo. Alilielewa pale pale, na mpira ukamponyoka.