Sweta za Mama Kashindye

Biashara isiyo na mlango lilikuwa wazo la dada yangu Mwanakhamisi, nami nililicheka hadi nikashika mbavu. "Utamuuzia mtu usiyemwona, naye hajakuona?" Akasema ndiyo. Mbeya, Njombe, Iringa, kote watoto wanatetemeka kila ikifika Juni, na maduka yanaleta sweta za watu wazima tu. Yeye atafuma za watoto. Atatangaza gazetini, mteja ataandika umri wa mtoto, sweta itakwenda kwa posta. Hakuhitaji kibanda sokoni Mwanjelwa, hapa kwetu Mbeya. Alihitaji sanduku la posta, picha nzuri na jina.

Sanduku lilipatikana. Picha nayo haikuwa taabu, maana Kashindye alikuwapo, mtoto wake wa miaka sita, mwenye pengo mbele na maringo ya bibi harusi. Jailos, mpiga picha aliyekuwa pia wakala wa gazeti pale mjini, alimsimamisha mbele ya pazia na sweta yake ya vifungo, akambembeleza acheke. Kashindye akakunja uso. Jailos akasema basi, hiyo hiyo, inaonyesha baridi.

Jina ndilo lililoleta ubishi. Dada alitaka liandikwe "Sweta za Mama Kashindye."

"Weka lako, au la marehemu shemeji Alawi," nikamwambia. "Watu watashangaa, Mwislamu wa Mwanjelwa na jina la Kisukuma!"

"Langu nani analijua? Soko zima linaniita hivyo."

Kweli. Kwetu mwanamke akipata mtoto, jina lake mwenyewe hukunjwa likawekwa sandukuni. Dada alikaa na Alawi miaka mingi akisubiri la kwake likunjwe, na Alawi akafa dada bado anasubiri.

Kashindye hakumzaa, alikabidhiwa. Tulipokuwa tumepanga karibu na stendi, kabla ya kuhamia Mwanjelwa, chumba cha pili alikaa Roza, binti wa wafugaji wa Kisukuma wa Usangu, na kichanga chake na kifua kilichotoa damu. Ndugu zake walipokuja kumpeleka hospitali ya mbali, alimweka mtoto mapajani mwa dada, akaomba jambo moja: jina lisibadilishwe, ni la bibi yake. Baadaye tukasikia amefariki. Aliyetuambia aliambiwa na mtu, na huyo mtu aliambiwa na mwingine. Majirani walimshauri dada ampe mtoto jina la kwetu. Akakataa. "Kaachiwa jina tu. Na hilo nimnyang'anye?"

Tangazo likatoka, na maagizo yakaja kuliko nilivyotabiri, nikala maneno yangu. Kipimo cha dada kilikuwa Kashindye. Sweta ya miaka sita alimwita, akamgeuza, akamwekea kazi mgongoni. Ya miaka minne alifumba macho, akamkumbuka Kashindye wa miaka minne, akafuma. Hakukosea hata moja. Ndiyo maana tangazo liliishia miaka sita na kuahidi kwamba mwakani wa saba nao watapata. Biashara ilikuwa inakua na mtoto.

Lakini gazeti likishasomwa halitupwi. Huko Nyololo, kando ya barabara kuu, mwenye duka mmoja alifungia chumvi.

Roza alikuja mchana, na kaka yake Bujiku, ameshika kipande cha gazeti chenye mikunjo. Dada alimtambua kabla hajaketi. Sindano za kufumia zikamponyoka.

"Mama, mimi si mwizi," Roza alisema. "Nilipona. Nikarudi kule stendi, nikakuta mmehama. Nimeuliza mpaka nimechoka. Halafu nafungua chumvi, namwona bibi yangu amenikunjia uso kwenye karatasi."

Nilitaka kumchukia, na mpaka leo ninajaribu. Nilimkonyeza dada: sema siye. Nani angebisha? Akina Kashindye wamejaa tele Usukumani. Dada aliniona vizuri kabisa. Akageukia uani.

"Kashindye, njoo umwamkie mama yako."

Mtoto akaja na mavumbi yake, akamwamkia Roza shikamoo, kisha akamwegemea dada. "Mama, mgeni atakula kwetu?"

Roza alikaa nasi kwa muda ili wazoeane. Siku ya wao kupanda basi dada alimvika Kashindye ile sweta ya kwenye picha. Akafunga vifungo vyote, akavifungua, akavifunga tena. Kashindye alikuwa na furaha ya safari.

"Nikirudi nikuletee nini?" alimuuliza dada dirishani.

Nikajibu mimi, "Tuletee mahindi." Basi likaondoka. Dada alilia mpaka sauti ikakauka, na Jailos, aliyekuja tu kuchukua magazeti yake, akalia pia.

Dada hakuifunga biashara. Barua ziliendelea kuja kwa Mama Kashindye, na sokoni hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Mwaka uliofuata Jailos aliongeza miaka saba kwenye tangazo kama tulivyoahidi, wala hakumuuliza dada. Sweta za kwanza za miaka saba zikarudi, moja kutoka Makambako, nyingine Tukuyu. Hazimwingii mtoto, wateja waliandika. Nikazilaza juu ya sweta ya miaka sita. Zilikuwa sawasawa, mabega kwa mabega.

"Dada, hizi ndogo," nikasema taratibu. "Mtoto wa miaka saba ameshakua."

Akaichukua moja, akaitandaza mapajani, akaipapasa mikono yake mifupi. Kisha akanyoosha kiganja hewani, pale kichwa cha Kashindye kilipokuwa kikifika, akakiinua kidogo, akakishusha.

"Amefika wapi sasa?" akaniuliza. "Nionyeshe, nifume."