Choo cha Plastiki

Tangu wakubwa wambomolee nyumba kupisha barabara yao, mgane mmoja, fundi wa malori, aliishi na bintiye ndani ya gari kuukuu lenye vitanda, jiko na choo. Choo kilivuja, na msimamizi wa uwanja walipoegesha alikuwa ameshasema: gari likidondosha maji tena, waondoke.

Fundi akabadilisha mpira wa kuzuia maji chini ya choo, akashika spana akaze nati.

"Taratibu baba, hiyo ni plastiki."

"Nimekaza malori kabla hujazaliwa, mama. Tulia."

Akakaza kwa nguvu zake zote, kama anafunga tairi, mpaka kitako cha choo kikalia ka! kikapasuka. Maji yakatambaa hadi mlangoni.

"Wasingenibomolea," akafoka, "ningekuwa na choo cha saruji!"

"Ndiyo, baba," alisema binti, ameshaanza kukunja magodoro.