Hirizi Mkononi mwa Zubeiri

Tusidanganyane: Mzee Uweso alijua tangu saa ile ya kuosha maiti. Watu wa Mkwaja walikisia, wakabishana, wakamtafuta muuaji kwa mdomo. Yeye aliyekuwa na jibu alilifunga kwenye pindo la kikoi chake, akakaa nalo kimya.

Aliyeuawa ni Zubeiri, kijana hodari wa kupanda mawimbi juu ya ubao. Mwaka ule wa hamsini na nne mchezo huo uliwatia vijana wazimu, kazi hawafanyi, chakula hawakumbuki. Asubuhi moja akakutwa ufukweni, kisogo kimepasuka, na kando yake ubao wenye damu. Ubao ulikuwa wa Methusela, seremala wa shamba la mkonge, Msambaa aliyekuja juzijuzi tu na kujifunza mawimbi hadi akawapiku wenyeji. Jana yake wawili hao waligombana mbele za watu, kwa kuwa Zubeiri aliuchukua ubao huo bila kuomba. Basi, nani aulizwe tena? Mtu wa kuja, tena Mlutheri! Askari wakampeleka Tanga, na kila mtu akasema kitanzi kinamngoja.

Sasa sikia. Uweso alikuwa mwosha maiti wa Mkwaja kwa miaka thelathini sasa. Na mwosha ana amri moja kubwa: ayaonayo kwenye mwili yazikwe na mwili. Siku ile, mwenzake alipotoka kuongeza maji, Uweso aliukunjua mkono wa Zubeiri kidole kwa kidole, akakuta ndani yake hirizi, kamba imekatika. Hakuhitaji kuigeuza. Ngozi ile aliikata mwenyewe, uzi ule mwekundu aliushona mwenyewe, akamvisha Mbaruku, mwanawe wa pekee, siku alipoanza kucheza na maji. Akaifunga pindoni, akaendelea kuosha, tena akisoma dua kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo aliyoionea haya baadaye kuliko vyote.

Mbaruku alipobanwa na babake alilia tu: aliomba aujaribu ubao ule, Zubeiri akamcheka, wakashikana, naye Mbaruku akampiga nao kisogoni. Uweso akamwambia anyamaze, maana ya maiti hayasemwi. Kijana akaridhika. Mzee naye alijilazimisha kuridhika, ikashindikana. Msikitini akawa anasimama safu ya nyuma kabisa, na watu wakidhani ni unyenyekevu wa uzee.

Siku ya kumi na saba tangu mazishi akaja Lea, mke wa Methusela, na kikapu cha maharage kichwani. Akakitua barazani, akapiga magoti, akamwamkia shikamoo. Alikuwa ametoka kumwona mumewe gerezani, na alikuwa na ujumbe.

“Anakushukuru, mzee. Anasema wewe ndiye uliyemwosha Zubeiri, na kama ungeona lolote la kumponya ungelisema. Kwa hiyo hana kinyongo na mtu yeyote wa Mkwaja. Maharage haya ni yako.”

Uweso alitamani ardhi ipasuke immeze. Angetukanwa angejikaza, shukrani ile ilimvua nguo. Akafungua pindo, akaiweka hirizi juu ya mkeka, akamwita Mbaruku aliyekuwa ndani akila.

Kijana aliiona, akasimama mlangoni na tonge mkononi. “Baba, si ulisema ya maiti hayasemwi?”

“Ya maiti, ndiyo,” akasema Uweso. “Haya yalikuwa yako, na yangu. Nawa mikono, tunakwenda kituo cha polisi.”

Lea aliitazama hirizi, kisha akamtazama mzee. Hakulia wala hakulaani. Aliuliza jambo moja tu, amekaa nayo siku ngapi, na Uweso akamjibu huku ameinamisha uso: kumi na saba. Lea akajitwika kikapu chake, maharage yamejaa vilevile, akashika njia ya kituoni bila kuwangoja.