Kidole cha Mkuu

Asubuhi mashine mpya ilipoanza kazi, wafanyakazi wa maabara ya maji walisimama wamefunga mikono vifuani, kama watu walioletwa kumtazama bibi harusi wa jirani wasiyempenda. Fundi aliyeileta alibonyeza kitufe kimoja tu. Mkono wa chuma ukajinyoosha kutoka mezani, ukafungua vali, ukasuuza mirija, ukawasha taa za vipimo, ukapanga chupa za sampuli kwenye matundu yake. Kazi yote ya kuandaa vipimo, iliyokuwa ikiwala wakemia asubuhi nzima, sasa ilikuwa ya chuma.

Ikabaki sifuri. Kipimo chochote, kabla hakijaulizwa ndani ya maji mna nini, sharti kwanza kionjeshwe kitu kisicho na chochote ndani yake, kijue pa kuanzia kuhesabu. Miaka yote walitumia maji yaliyogeuzwa mvuke, mvuke ukapozwa ukawa maji tena. Mkono ulichovya ncha yake katika kikombe cha maji hayo, ukayamwaga kwenye sinki. Wakaleta mengine, ukayamwaga vilevile. Kisha ukajinyoosha juu ya vichwa vya watu, ukampita huyu, ukampita yule, ukamshika mkuu wa maabara kidole cha shahada na kukitia kwenye tundu la kipimo. Taa ya kijani ikawaka. Kwenye kioo ikatokea sifuri, imetulia tuli.

"Ahaa, imempata," fundi alisema huku akifunga mkoba wake. "Kuna ofisi nyingine ilimchukua mhasibu. Msimpe likizo ndefu tu."

Mkuu alipangusa kidole kwa leso, akawageukia watu wake kifua mbele.

"Mmeona? Mashine inajua nani ni nani hapa."

"Tumeona, Mkuu," wakaitikia.

Wakiwa peke yao walimwita Muhuri, kwa sababu kugonga muhuri ndiyo kazi pekee waliyopata kumwona akiifanya kwa mikono yake mwenyewe. Mkemia mwandamizi hakumpa hata heshima ya jina la utani. Alimwita "yule". Walisoma chuo kimoja, na yule alikuwa akinakili majibu ya mwenzake mpaka makosa, kisha kwa makosa yaleyale akapanda cheo.

Basi ikawa desturi. Kila kukicha Mkuu aliketi kwenye kiti chenye mto, akakunja mkono wa shati, akatoa kidole huku akisoma gazeti. Aliacha kupeana mikono na watu, asije akachafua. Wageni wa wizarani walipiga picha na kidole chake, naye akageuza uso upande uliompendeza zaidi. Vipimo navyo, haki ya Mungu, vilifanya kazi kuliko wakati wowote. Namba zilitoka zimenyooka, hazina ubishi.

Ndivyo sampuli ya bomba la mtaa wa chini, ule ulio ubavuni mwa kiwanda cha betri, ilivyosema ukweli wake. Maji yalijaa madini ya risasi. Mkemia alirudia kupima mpaka akachoka kuamini. Katika mtaa ule aliishi shangazi yake aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na siku hizi shangazi alikuwa akitetemeka mkono wa kulia, akisema ni uzee.

Akaipeleka karatasi kwa Mkuu.

"Mkuu, maji haya yana risasi. Na si kidogo."

"Kipimo kiliandaliwa na nani?"

"Na mashine. Kwa kidole chako."

"Basi kipimo ni sahihi." Alifurahi kwelikweli. Akavuta karatasi, akagonga: YANAFAA KWA KUNYWA.

"Si umesema kipimo ni sahihi?"

"Sahihi kabisa. Kwani nimebishana nacho, dada?"

Kiwanda kilikuwa cha baba mkwe wake, hilo lilijulikana mpaka kwa walinzi wa getini. Mkemia aliutazama uso ule akitafuta aibu, akakosa. Akatafuta woga, akakosa. Akatafuta hata ujanja kidogo, maana hata ujanja ni kitu, akaona kope mbili zinapepesa. Akatoka bila kuaga.

Haukupita muda, maabara kubwa ya jiji jingine ikamwazima Mkuu. Aliondoka kwa gari lenye kiyoyozi, kidole kimevikwa glavu nyeupe, akamwacha mkemia akikaimu. Mashine ikaanza kuhangaika na waliobaki. Kidole cha mfagiaji kilionyesha nyimbo na maumivu ya mgongo. Cha dereva kilionyesha kumwogopa mkewe. Cha mkemia kiliwasha taa nyekundu, king'ora kikalia jengo zima.

Karani wa maabara alisoma kioo. "Hasira. Pole, dada."

Mkemia hakuona sababu ya kupewa pole. Aliitembeza hasira ile kama gauni jipya, akawasimulia wenzake, akawasimulia na majirani.

Halafu likarudi jalada la bomba lilelile kuthibitishwa upya, linataka muhuri wa kaimu. Simu ikaita.

"Gonga tu, dada yangu," ilisema sauti ya Mkuu. "Nimeshakupendekeza unaibu."

Ofisi ya Mkuu ilikuwa na ubaridi mzuri. Chai ililetwa bila kuagizwa. Mkemia aliwaza kukataa, akawaza kwenda magazetini, akawaza kwamba akifukuzwa atakayekuja nyuma yake atakuwa mbaya zaidi. Aliwaza sana, na mawazo yote yalikuwa ya mtu mwema. Kisha akagonga.

"Si kwamba nimekubali," alimwambia karani, ambaye hakuwa ameuliza.

Kesho yake mkono wa chuma ulimwendea moja kwa moja. Alitoa kidole kidevu juu, akisubiri king'ora. Taa ya kijani ikawaka. Sifuri, imetulia tuli.

"Afadhali," karani alisema. "Kazi zilikuwa zimelala." Akaenda kuchukua sampuli.

Mkuu aliporudi walipangiana zamu, naye akamletea zawadi ya glavu nyeupe. Zilimtosha.

Siku ya mapumziko mkemia alikwenda kumwamkia shangazi. Shangazi alimmiminia maji kutoka kwenye jagi, kwa mikono yote miwili, kwa kuwa ule mmoja siku hizi ulikuwa unamwaga.

"Eti mama, nasikia bomba letu mmelipima?"

"Tumelipima, shangazi."

"Na majibu?"

"Karatasi imetoka. Yanafaa."

"Ndiyo maana nawaambia hawa majirani, mwanangu yuko kule, hawezi kutuacha tudhurike. Kunywa basi."

"Sina kiu, shangazi."

"Haya, ngoja ninywe mimi yasipotee," shangazi akasema, akaishika bilauri kwa mikono miwili, akanywa yote.