Vasyl Hataki Hewa Kavu

Fundi Mykyta alifungua mashine ya kutia hewa unyevu iliyopachikwa kwenye bomba la tanuru la kupasha nyumba joto, chini kabisa ya nyumba ya Paraska, akachomoa pedi ya kunyonya maji na kuikagua. Haikuwa imeziba kwa chokaa. Valvu ilikuwa imefungwa na kidhibiti kiko kwenye sifuri, lakini maji yalitiririka tu, na sebuleni mapazia yalidondosha matone. Nje, theluji ya Saskatchewan, Kanada, ilikuwa imefika madirishani.

Alivuta kigoda, akakaa bila kukipuliza.

"Umenikalia," alisema Vasyl.

Mykyta akaomba radhi, akahamia kwenye ndoo. Alijua fika kwamba msimu wa Krismasi mtu hupuliza kiti kwanza, asije akamkalia marehemu.

Vasyl, mume wa Paraska, alikufa Novemba, vumbi la unga liliposhika moto kwenye kinu cha kusaga ngano alikofanya kazi. Meneja wa kinu alikuwa amefunga mabomba ya kunyunyiza ukungu wa maji wa kutuliza vumbi, eti yanaharibu unga. Mkesha wa Krismasi Paraska alimwekea mumewe sahani mezani, kama wafanyavyo wote mtaani. Vasyl akaja, akala ngano yake iliyopikwa na asali, na badala ya kurudi alikotoka akashuka kwenye tanuru. Tangu hapo, kila asubuhi koti la kazi la mwanawe Danylo hukutwa limelowa chapachapa. Danylo naye alifanya kazi kinuni, kwenye ghorofa ile ile alipoungua baba yake, na mabomba ya ukungu yalikuwa bado yamefungwa.

Meneja hakutaka mtu aliyelowa karibu na unga wake. Nyumba ilikuwa mali ya kinu, kwa hiyo alimtuma Mykyta na amri: mashine izimwe, la sivyo mjane na mwanawe wahame.

"Nikate bomba la maji, shemeji?" Mykyta alimuuliza Paraska, aliyekuwa amesimama ngazini. "Nikilikata, hata huyu hana ujanja."

Paraska alimtazama mumewe, ambaye alikuwa akijifuta masizi shingoni na hayaishi. Hasira ilimpanda, na hakuizuia.

"Likate uone," alisema. "Nilishazika mmoja, wa pili simziki. Kamwambie meneja wako mashine ni nzima, kibovu ni kinu chake. Akitaka kututoa, aje mwenyewe na vile viatu vyake vya kung'aa."

Kisha akakizungusha kidhibiti mpaka mwisho. Mykyta akafunga mkoba wake wa vifaa, akapanda ngazi.

Jioni hiyo wanawake wa mtaani walianza kuingia na makoti ya waume zao. Walipuliza viti, wakakaa, wakanywa chai, wakamsalimu Vasyl na kumwachia makoti. Asubuhi wanaume waliingia kinuni pamoja na Danylo, makoti yameganda njiani yakigongana kama masufuria.

Kufika saa sita mchana, tangazo lilikuwa getini: atakayekuja amelowa afukuzwe, na mjane ahame kabla ya Jumatatu. Mabomba ya ukungu hayakufunguliwa.

Jioni wanawake wakaleta na kofia.