Namba ya Zahanati kwenye Ukurasa wa Bibi

Mjukuu wangu, fundi wa tovuti, alikuwa akifanyia kazi kwenye meza yangu, nami namshonea kifungo cha shati. Simu yake ikalia. Seremala fulani, aliyeiona namba ya fundi chini ya tovuti ya zahanati, sauti juu.

"Dada, tangu alfajiri napigiwa na wajawazito! Mimi natengeneza vitanda, lakini si vya kujifungulia!"

Zahanati ilibadilisha namba, ile ya zamani akapewa yeye. Tovuti aliyoitengeneza mjukuu wangu ilikuwa bado na ya zamani, kurasa mia mbili. Daktari mkuu wa zahanati alishasema, isiporekebishwa kabla ya saa sita, kazi atampa mwingine.

"Mia mbili, mama wee! Utamaliza lini?"

"Hazirekebishwi mojamoja, bibi. Ukurasa wa juu kabisa nimeuita Bibi; ndio wenye rangi na namba. Chini yake wako akina Mama: wa chanjo, wa meno, wa uzazi. Kurasa zilizobaki ni wajukuu; wanarithi kwao, wanaandika kile tu kilicho tofauti."

"Kwa hiyo mimi nikivaa kilemba, ukoo mzima umevaa?"

"Umeshajua kazi, mwenzangu!"

Akabadilisha namba kwa Bibi, mara moja. Meno, namba mpya. Chanjo, mpya. Uzazi, ya zamani! Ilikuwa saa tano na nusu.

Hakufoka. Alipanda taratibu, kutoka kwa mjukuu hadi kwa Mama wa uzazi, akaikuta namba imeandikwa pale upya badala ya kuachwa irithiwe. Neno la Mama likawa limefunika la Bibi. Aliyeiandika ni mwenzake, msichana mgeni kazini. Mjukuu wangu akaufuta mstari ule, asiweke kitu mahali pake. Kurasa zote za uzazi zikapata namba mpya kwa mpigo. Nikabaki na sindano hewani.

Daktari akapiga. "Nani alikosea?"

"Sisi, daktari. Tumesharekebisha, hebu tazama."

"Naiona. Haya, endeleeni na kazi."

"Sisi," alisema. Nililisikia neno hilo.

Halafu akampigia mwenzake: "Mdogo wangu, njoo nikuonyeshe kitu kizuri." Mwisho akampigia seremala kumwomba radhi.

"Yameisha, dada. Kila aliyepiga nilimwelekeza zahanati, ningefanyaje? Ila mmoja kaagiza kitanda cha mtoto. Huyo simrudishi!"

Nikakata uzi, nikampa shati lake.